Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Joto la Mgonjwa Kabla na Baada ya Upasuaji

Ndugu wanachama,

Mahesabu yamekaguliwa na mweka hazina atayasoma mwenyewe. Michango inaingia, ingawa kwa kukumbushana. Nafasi yangu nitaitumia kwa jambo lililotushughulisha mwaka mzima: mgonjwa anayetoka thieta akitetemeka.

Tumezoea kuuona mtetemeko huo kama mzigo wa wenzetu wa chumba cha kuzindukia. Mgonjwa anafika meno yakigongana, kitanda kinatikisika, kipimo cha oksijeni kidoleni hakisomeki. Anaongezewa blanketi, anachomwa pethidini, dawa kali ya maumivu, miligramu 25, basi. Pethidini inatuliza mtetemeko, sikatai. Ila joto lililopotea hairudishi, na inaweza kudidimiza upumuaji wa mtu ambaye bado ana mabaki ya dawa za usingizi mwilini. Wapo pia wanaotetemeka kwa maumivu, joto lao likiwa sawa. Bila kupima utajuaje?

Mafunzo ya mwaka huu yalianzia kwenye chanzo. Dawa ya usingizi hulegeza mishipa ya damu, joto la kiwiliwili likakimbilia mikononi na miguuni. Ndani ya saa ya kwanza joto la ndani hushuka kwa nyuzi 1 hadi 1.5. Blanketi la hewa ya moto, lile linalopulizwa kwa bomba la mashine, likiwekwa baada ya hapo, limeshachelewa. Mpashe mgonjwa joto kwa dakika 10 hadi 30 kabla hajalazwa usingizi, miguu iwe na joto lake tayari, na mteremko huo utapungua sana. Ganzi ya uti wa mgongo nayo ina mtego wake: mama anayejifungua kwa upasuaji anaweza kukuambia hasikii baridi huku kipimajoto kinasoma chini ya 36.

Baadhi yenu mliuliza kama tunakuza mambo, na swali ni la haki. Utafiti wa mwaka 1996 kwa wagonjwa 200 wa upasuaji wa utumbo mpana ulikuta vidonda vimepata maambukizi kwa asilimia 19 ya walioachwa wapoe hadi karibu nyuzi 34.7, dhidi ya asilimia 6 ya waliotunziwa joto. Mwaka 2022 ukaja utafiti mkubwa zaidi, wagonjwa zaidi ya 5,000, wengi wao China, ukilinganisha nyuzi 37 na 35.5. Kwa madhara ya moyo na vifo haukuona tofauti. Mimi nausoma hivi: hatuna sababu ya kuikimbilia 37 kwa kila mgonjwa, lakini 34 haijapata utetezi popote. Tena mtetemeko wenyewe huzidisha matumizi ya oksijeni maradufu na zaidi, na kumvuta mtu mshono mbichi. Hilo halihitaji utafiti mwingine.

Kamati inapendekeza joto lipimwe kabla ya kutoka wodini, na upasuaji usio wa dharura usianze likiwa chini ya 36. Ndani ya thieta lipimwe kila dakika 30, chumba cha kuzindukia kila dakika 15. Dripu ya mililita 500 au zaidi ipashwe hadi nyuzi 37, maana lita moja ya maji ya joto la chumbani humshusha mtu mzima takriban robo ya nyuzi.

Chupa na glavu zilizojazwa maji ya moto ziachwe kabisa. Vilevile bomba la mashine ya hewa ya moto lisiingizwe chini ya shuka bila blanketi lake. Mgonjwa asiyehisi hawezi kusema anaungua, na malengelenge tunayaona yeye akiwa ameshazinduka. Na anapopata joto tena, mishipa ikifunguka presha inaweza kushuka ghafla, kwa hiyo usimwache ukaenda kujaza fomu.

Mapendekezo haya yatapigiwa kura baada ya hesabu kusomwa. Yakipita, tutahitaji wanachama wa kujitolea kuandaa fomu ya pamoja ya kurekodi joto kuanzia wodini hadi wodini. Watakaokuwa tayari waandikishe majina kwa katibu.