Ununue au Uunde? Kompyuta ya Gemu kwa Mfuko Mdogo Hapa Nairobi

Swali hili hutufikia dukani kwetu kwa WhatsApp karibu kila siku, na mara nyingi huja na picha ya kasha la kioo lenye taa za rangi zote: "Boss, hii iko sawa ama niunde yangu?" Jibu hutegemea pesa, kwa hivyo tuanzie hapo. Kama una chini ya shilingi 50,000 za kompyuta peke yake, bila skrini, usiunde kutoka mwanzo. Wala usikimbilie lile kasha la taa. Tafuta kompyuta ya ofisini iliyotumika, zile tunazoziita ex-UK, kisha uitie kadi ya grafiki, kile kipande kinachochora picha za gemu. Ukiwa na 80,000 kwenda juu, kuunda kunaanza kuleta maana. Hapo katikati ndipo hata sisi wenyewe hubishana kwenye kaunta.

Miaka michache iliyopita tungekujibu vingine. Kilichobadilisha hesabu ni RAM, kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi. Kuanzia mwishoni mwa 2025 bei yake imepanda duniani kote kwa sababu viwanda vinapeleka mzigo kwenye vituo vya data vya akili mnemba, ambako wanunuzi hawaulizi bei mara mbili. Disemba mwaka huo Micron, kampuni inayotengeneza RAM, ilitangaza kwamba inaachana na Crucial, chapa yake ambayo mafundi wengi hapa mjini tulikuwa tukiichukua bila kufikiri. Anayeunda leo ananunua RAM kwa bei ya leo. Anayechukua ex-UK kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk ya 2018 anaikuta RAM ndani tayari, pamoja na kasha, pawa saplai (kisanduku cha kugawa stima ndani ya mashine), feni ya prosesa (ubongo wa kompyuta), na leseni ya Windows. Wauzaji wa mitumba nao wanasoma habari, bila shaka, na wameanza kuuliza zaidi kwa mashine yenye GB 16 kuliko yenye GB 8. Hata hivyo, ukivinunua vitu hivyo kimoja kimoja, unamaliza nusu ya pesa kabla hujafika kwenye kadi, na kadi ndiyo inayobeba gemu.

Sasa, si kila ex-UK inafaa, na hapa ndipo watu huumia. Modeli moja ya OptiPlex huuzwa katika makasha tofauti: kubwa, jembamba lenye herufi SFF kwenye jina, na kadogo kabisa kanakotosha nyuma ya skrini. Jembamba ndilo limejaa sokoni na ndilo bei yake inavutia. Majuzi alikuja dukani mama mmoja na mwanawe wa sekondari, wamebeba SFF kwenye mkoba na kadi ya GTX 1660 Super waliyoagiza mtandaoni. Tulifungua kasha mbele yao. Bamba la chuma la kadi ya kawaida lina urefu wa sentimita 12. Nafasi ya SFF inapokea la sentimita 8. Kijana akasema fundi wa mtaani amemwambia aiache wazi, bila kifuniko, kadi isimame tu.

"Kwa hivyo, kijana wangu, haiwezi kuingia hata kwa kulazimisha?" mama akamuuliza fundi wetu.

"Mama, hata ikiingia, stima haitaitosha."

Tukamwonyesha kibandiko cha pawa saplai: wati 180 kwa mashine nzima. Kadi ile peke yake inakula karibu 125, na inataka waya wake maalumu wa pini nane ambao pawa saplai hiyo haina. Pia huwezi kung'oa ile ndogo ukaweka ya kawaida, kwa sababu Dell na HP nyingi za ofisini zina plagi zao wenyewe kwenye madabodi (bodi kuu ya ndani), na umbo la pawa saplai ni lao. Waya za kubadilisha zipo, lakini katika SFF bado hakuna mahali pa kuiweka. Walirudi nyumbani na kasha kubwa na kadi ndogo, baada ya kuongeza pesa ambayo hawakuwa wameipangia.

Kwa hiyo kabla ya kutuma hata shilingi moja kwa M-Pesa, mwombe muuzaji picha mbili: mashine ikiwa imefunguliwa ubavu, na kile kibandiko. Kasha kubwa la Dell la miaka hiyo huwa na wati 240 hadi 290. Hiyo inatosha kadi inayokunywa stima kupitia madabodi pekee, ambako kikomo ni wati 75. Kadi za namna hiyo ni chache na majina yake yanafaa kukaririwa: GTX 1050 Ti, GTX 1650 zisizo na soketi ya stima ubavuni (baadhi ya 1650 zina pini sita, kwa hivyo angalia), na RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024 na inakula wati 70. Hii ya mwisho ndiyo tunayoipenda zaidi mtu akiweza kuifikia. RX 6400 nayo inaingia hata kwenye SFF, lakini inazungumza na madabodi kupitia njia nne tu za data, na kwenye mashine za 2018 kurudi nyuma njia hizo ni za kasi ya zamani. Inapunguza mwendo waziwazi. Tunaiuza tu kwa mtu aliyekwisha kuwa na SFF na hana namna nyingine.

Kwa upande wa prosesa, lenga kizazi cha nane cha Intel kwenda mbele, mfano i5-8500 yenye kori (viini vya kazi) sita. Sababu si kasi tu. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haikubali rasmi Intel ya kabla ya kizazi cha nane. Wacheza Valorant ndio hubanwa zaidi, kwa maana kwenye Windows 11 gemu hiyo haifunguki bila TPM 2.0 na Secure Boot, ulinzi wa ndani ya mashine, kuwashwa. Mtu anaweza kukuuzia i7 ya kizazi cha nne iliyotiwa Windows 11 kwa kulazimisha, ikawaka vizuri sana hapo dukani, nawe ukafika nyumbani Rongai na gemu moja uliyoinunulia mashine ikakataa.

Hiyo i7 inatuleta kwenye lile kasha la taa. Neno i7 peke yake halisemi lolote. i7-2600 ilitoka 2011. I3-12100F ya 2022 ina idadi ileile ya kori, nne, na inaiacha mbali sana. Tangazo likiandika "i7, RAM 16, gaming" bila namba kamili ya prosesa na jina kamili la kadi, huyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Kioo na feni za rangi ni vitu vya bei nafuu kiwandani, na ni rahisi kuvizungusha kwenye mashine kuukuu. Hatusemi kila iliyoundwa tayari ni hivyo. Zipo nzuri, nasi tunaziuza, lakini muuzaji wa kweli hataona tabu kukuandikia kila kipande kwenye risiti, hadi jina la pawa saplai.

Kadi za mitumba zinataka macho zaidi. Kuna kadi zimeandikwa GTX 1050 Ti nje, na hata Windows inaonyesha hivyo, kumbe ndani ni chipu ya zaidi ya miaka kumi iliyopita iliyobadilishwa programu yake ya ndani. Programu ya bure ya GPU-Z huzitambua na kuandika FAKE kando ya jina. Beba kwenye flashi na uiendeshe ukiwa palepale. RX 580 nayo ina pacha: ile halisi ina vitengo 2304 vya kuchakata picha, na ile iliyotengenezewa soko la China ina 2048. Hiyo ya pili si bandia na inacheza vizuri, ila usiilipie bei ya ya kwanza. Nyingi zimetoka kuchimba sarafu za kidijitali usiku na mchana. Kwetu hilo si kosa la kuikataa kadi moja kwa moja, mradi feni zizunguke bila kelele na uipe gemu zito kwa nusu saa ukiangalia joto. Muuzaji asiyekubali nusu saa hiyo, mwache.

Wenye 80,000 na zaidi, undeni. Njia tunayowapendekezea wengi ni kuanza na Ryzen 5 5600G, prosesa ya 2021 yenye grafiki yake ndani. Unacheza Valorant, CS2, na GTA V kwa mipangilio ya kati au ya chini bila kadi yoyote, kisha kadi unaongeza baadaye mfuko ukipona. Madabodi yake, ya soketi ya AM4, hupokea prosesa za vizazi kadhaa, na soko la mitumba limejaa vipande vyake. Jambo moja tu: RAM iwe vijiti viwili vya GB 8, si kimoja cha 16. Grafiki ya ndani inategemea RAM, na kijiti kimoja kinaibana koo. Pia kila kipande kipya kina waranti yake, jambo ambalo ex-UK haina zaidi ya ile miezi michache anayokupa mwenye duka.

Usibane pesa kwenye pawa saplai. Zile nyepesi kama karatasi zilizoandikwa wati 500 hazitoi 500, na zikiungua huwa haziendi peke yake. Stima ya mitaa mingi ya Nairobi hupotea na kurudi kwa kishindo, na kurudi ndiko kunakoua mashine. UPS (betri ya dharura) ya 650VA ni ununuzi mzuri, lakini 650VA si wati 650. Nyingi hubeba karibu 360, na muda wake ni wa kuhifadhi gemu na kuzima kwa utaratibu. Usichomeke jiko la umeme kwenye ekstensheni hiyohiyo, tafadhali. Tumeyaona.

Laptopu hatutaizungumzia sana: kwa pesa ileile unapata nguvu kidogo na joto jingi. Ni ya mwanafunzi anayehama hosteli kila muhula.

Na kuna lile tatizo linalotuletea simu nyingi kuliko yote baada ya mtu kuweka kadi mpya: "Gemu bado inakwama vilevile." Tazama nyuma ya mashine. Waya wa skrini ukiwa bado umechomekwa juu, karibu na matundu ya kipanya na kibodi, unatumia grafiki ya zamani na kadi yako imekaa bure. Uhamishe chini, kwenye kadi yenyewe.

Ukitaka tukupangie, tutumie kwa WhatsApp bajeti yako ukisema kama skrini imo, gemu mbili tatu unazocheza kwelikweli, na picha ya kibandiko cha pawa saplai ikiwa tayari una mashine. Skrini nayo tuambie ni ya hezi ngapi, yaani hubadilisha picha mara ngapi kwa sekunde, maana anayechezea ya 60 hatumuuzii kadi ya kusukuma fremu 144. Ukiwa Nairobi, njoo na kadi yako tuipime mbele yako. Kuipima ni bure hata kama hukuinunua kwetu.