Kivuko cha Shibamata: barua kwa wazazi, Pangani

Funabashi, Japani
Mwezi wa Mei

Kwa wazazi wangu wapendwa, Baba na Mama,

Assalaam aleikum. Shikamooni. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na goti la Mama limepata nafuu. Sisi huku hatujambo sote, alhamdulillahi. Baba Rehema anawaamkia sana, kazi yake pale kwenye yadi ya magari inakwenda. Rehema yuko darasa la nne sasa na Kijapani chake kimekuwa cha hapahapa. Dukani na hospitali yeye ndiye mkalimani wetu. Salimu ameanza chekechea, na kila asubuhi anadai kuvaa kofia yake kabla hata ya kunywa chai.

Kwenye simu hatuongei tukatosheka. Watoto wanagombania, mtandao unakatika, na wewe Baba unanyamaza ukituachia sisi tuseme. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Nimemwomba Hamisi aichapishe barua hii pale mjini, awasomee barazani taratibu, jioni jua likishapoa.

Jumamosi iliyopita tulitoka sote wanne. Najua kwenye televisheni mnaiona Tokyo ya maghorofa na taa, na watu wanaovuka barabara kama siafu. Huko hatukwenda. Baba Rehema alikuwa amechoka na kelele za yadi, na mimi nilitaka mahali ambapo Salimu anaweza kukimbia bila kushikwa mkono. Tukaenda Shibamata, katika wilaya ya Katsushika, pembeni kabisa mwa Tokyo upande wa mashariki. Ukivuka mto Edo tu uko mkoa wa Chiba, huku tunakoishi.

Unapanda treni ya Keisei mpaka Takasago, halafu unaingia kijireli cha Kanamachi. Kina vituo vitatu tu, urefu wake kilomita mbili na nusu, na treni yake ina mabehewa manne. Mwaka 1899 reli hii ilipoanza haikuwa na injini ya aina yoyote. Behewa dogo la watu sita lilisukumwa kwa mikono juu ya vyuma, likiwapeleka mahujaji kwenye hekalu la Shibamata. Umeme ulikuja mwaka 1913. Baba Rehema aliyasikia hayo akakaa kimya kituo kizima. Mnakumbuka alivyoanza maisha Tanga akisukuma mkokoteni wa maji.

Nje ya stesheni kuna sanamu ya mchuuzi mwenye sanduku mkononi, mtu wa filamu za zamani ambazo Wajapani wanazipenda mno. Kazi yake ni kuzunguka nchi nzima akiuza vitu vidogovidogo, akirudi kwao kidogo kisha anaondoka tena. Amesimama mguu mmoja mbele, uso ameugeuza nyuma. Na nyuma yake, tangu mwaka 2017, wamemwekea sanamu ya dada yake aliyetoka kumsindikiza. Watu wanapiga picha wanacheka. Mimi nilisimama pale zaidi ya wenzangu. Nilikumbuka stendi ya Pangani alfajiri ile, na Mama ameshika ncha ya khanga. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, Baba ulisema siku hiyo, na hukusema neno jingine.

Kutoka stesheni mpaka hekaluni ni mtaa mfupi wa kwenda kwa miguu, maduka ya mbao huku na huku. Mtaa wenyewe haujapambwa kwa ajili ya wageni. Wenyeji wananunua kitoweo humohumo. Sifa yao kubwa ni dango za kijani. Mama, nilisimama kwenye kidirisha nikamtazama mama mmoja wa makamo akizifanya. Unga wa mchele umeshapikwa kwa mvuke, umetwangwa pamoja na majani ya yomogi, jani fulani chungu kidogo lenye harufu kali linalochumwa majira haya ya kuchipua. Anaumega mkononi, anaubana kati ya kidole gumba na cha shahada, tonge linatokea juu ya ngumi limeshaviringika, analikata, analitupia kwenye trei. Haangalii mikono yake hata kidogo, anaongea na mteja. Juu yake wanapakaza maharage mekundu yaliyopondwa na sukari. Salimu alikula zake akamalizia na za dada yake. Mkunga wa mtoni, yule samaki mrefu kama nyoka, ambaye naye ni chakula cha sifa pale, tulimwacha kwa sababu mchuzi wake hutiwa pombe ya mchele.

Hekalu lenyewe, Taishakuten, lilianzishwa mwaka 1629. Si dini yetu, na watoto tunawafundisha hivyo, lakini tulivua viatu kwa adabu tukaingia kutazama kazi ya mafundi. Kuta za nje za jengo moja zimezungushiwa mbao za kuchongwa, mbao kumi kubwa, kila moja inapita mita mbili kwa upana, na ndani yake kuna visa vya kitabu chao kitakatifu. Wachongaji walikuwa kumi, kila mtu na ubao wake. Walianza mwaka 1922. Mwaka uliofuata likaja lile tetemeko kubwa la Tokyo, moto ukala mbao walizokuwa wamezikusanya. Wakatafuta mbao nyingine wakaanza tena, wakamaliza mwaka 1934. Mwambieni Mjomba Athumani kwamba zimechongwa kwa kina hadi unaweza kupitisha kidole nyuma ya shingo ya mtu, na mikunjo ya nguo inaonekana kama itatikisika. Nilimwaza yeye na patasi zake, na milango yote aliyoichonga ikapelekwa Zanzibar bila jina lake. Siku hizi jengo lote wamelifunika kwa kioo, mvua isiguse. Rehema alisoma vibao, Salimu alitafuta tumbili kati ya wanyama waliochongwa mpaka akampata.

Kuna pia nyumba ya tajiri mmoja wa zamani, mtengeneza vipuri vya kamera, ambayo manispaa inaifungua kwa watu tangu mwaka 1991. Unakaa juu ya mkeka wa tatami ukitazama bustani. Ni pazuri, ila watoto hawakuweza kutulia, tukatoka.

Nyuma ya nyumba hiyo unapanda tuta, na kumbe mto ndio huo.

Tuta ni refu kwenda juu, limeoteshwa nyasi, na wanalitunza kwa sababu maji yamewahi kuwafanyia ukatili. Mwaka 1947 kimbunga walichokiita Kathleen kilivunja kingo za mto Tone huko juu, maji yakasafiri siku kadhaa mpaka yakafika Katsushika, wilaya ikazama. Ukisimama pale juu unaona mapaa ya nyumba upande mmoja na mto upande wa pili, na unaelewa bila kuambiwa. Lakini Jumamosi ilikuwa shwari. Wazee wanatembeza mbwa, watoto wanacheza besiboli uwanjani chini, mtu mmoja anafanya mazoezi ya tarumbeta peke yake, ameupa mji mgongo asiwasumbue majirani. Tulitandika mkeka, tukala wali na samaki niliofunga nyumbani, Baba Rehema akatusalisha Adhuhuri na Alasiri papo hapo kwenye nyasi. Hakuna aliyetukodolea macho. Bibi mmoja aliyekuwa anapita alisubiri tumalize ndipo akamwita mbwa wake.

Baba, hapa sasa ndipo nilipotaka kufika.

Pale chini ya tuta pana gati la mbao, na kwenye gati pana mashua. Panaitwa Yagiri. Zama za watawala wa Edo, yaani Tokyo ya zamani, watu hawakuruhusiwa kuvuka mito kiholela, wakubwa waliogopa maadui wa kuingia mjini. Lakini wakulima wa kingo zile walikuwa na mashamba pande zote mbili, kwa hiyo wakaachiwa vivuko vyao. Vingine vyote vya mto huo upande wa Tokyo vimekufa. Hiki kimebaki. Upande wa juu wa mto kuna daraja na upande wa chini kuna daraja, treni zinapita, magari yanapita, hakuna mtu hata mmoja anayelazimika kupanda mashua ile. Na watu wamepanga foleni.

Chombo ni cha mbao, kipana, tumbo bapa, kina mabenchi. Hawatumii kafi kama wewe unapovusha watu kwenda Bweni, ng'ambo ya Pangani. Ni kasia moja refu, limetuama juu ya kishikizo tezini, na mzee amesimama analisokota kushoto na kulia bila kulitoa majini, chombo kinakwenda mbele kimya kimya. Nilimtazama miguu. Kama wewe kabisa: wa kushoto umekaza, wa kulia unafuata mwili, mabega hayana haraka. Mto pale una upana wa kama mita 150. Katikati, pale kelele za nchi kavu zinapokatika, ukabaki mlio wa maji chini ya mbao tu, Rehema aliniegemea akasema, “Mama, ni kama kwenda Bweni.” Alikuwa na miaka mitano ulipomvusha mara ya mwisho. Sikujua kama ameshika.

Mzee akauliza tumetoka wapi. Rehema akamjibu kwamba babu yake naye anavusha watu, kwenye mto unaoingia Bahari ya Hindi. Basi mzee akaacha habari za watalii akageukia yetu. Akauliza mto wa huko una mkondo? Rehema akanigeukia, nikamwambia amweleze: maji yakiwa yanakupwa na mto nao unashuka, babu hakati moja kwa moja, anapanda kwanza na ukingo, akifika usawa fulani ndipo anakata, mkondo unamshusha mwenyewe mpaka gatini. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa mara nyingi. Akasema kwao mkondo si shida, shida ni upepo. Ukikaza hawavushi mtu siku nzima. Tuliposhuka aliinama kwetu, kisha akamwambia Rehema, “Msalimie babu.” Nami nakufikishia salamu zake.

Ng'ambo ni mashamba. Mama, ungefurahi. Vitunguu vya majani virefu, matuta yamenyooka, na shina wanalifukia udongo kidogokidogo kadiri linavyokua ili libaki jeupe na tamu. Njiani kulikuwa na meza yenye mafungu ya mboga na kopo la kutilia pesa, mwenyewe hayupo. Rehema alichagua fungu, Salimu akatumbukiza sarafu moja moja akisikiliza zinavyolia. Tukarudi kwa mashua ileile, na jioni, vile vipaza sauti vya manispaa vilipopiga muziki wao wa kila siku, ambao kazi yake nyingine ni kuhakikisha vitasikika siku ya maafa, watoto wote uwanjani wakaokota mipira yao wakaenda kwao. Nasi tukaenda stesheni.

Hamisi ameniambia unataka kukiuza chombo. Kwamba daraja linajengwa, mita 525, na likishafunguliwa hakuna atakayehitaji kuvushwa na mzee kwa kafi. Baba, mimi silichukii daraja. Mgonjwa wa Bweni afike hospitali usiku bila kusubiri, mazao yapite, watoto wasome ng'ambo. Nalitaka daraja hilo kama mtu mwingine yeyote. Lakini nimeona kwa macho yangu mahali penye madaraja, penye utajiri wa kununua mashua za injini elfu, na wameona bora kasia libaki. Mwaka 2018 serikali yao iliuandikisha mtaa ule wa Shibamata kuwa mandhari muhimu ya utamaduni, wa kwanza katika Tokyo yote. Hawakungoja ufe ndipo wauweke kwenye picha. Na Pangani ina nini pungufu? Ina boma, ina minazi, ina mdomo wa mto ambao mimi sijauona mwingine wa kuufikia. Wageni wanafika. Watu wa Dar watakaopita daraja hilo na magari yao watasimama, na wako wataotaka kushuka majini wapelekwe na mtu anayeujua mto.

Siwezi kukuamrisha. Chombo ni chako, mgongo ni wako, na najua usiku unauma. Ninaloomba ni usikiuze kabla hatujaja Desemba, uzungumze na Baba Rehema ana kwa ana. Hamisi kasema ubavu wa kulia unavuja na mbao mbili zimeoza. Wiki ijayo nitamtumia pesa za mbao, pamba ya kukalafati na mafuta ya sifa ya kupakia. Wewe mchague fundi, maana Hamisi atachukua wa bei rahisi. Yule kijana wa Mama Mwanaidi anayekusaidia kufunga kamba, kama bado ana hamu, mwanzishie kwenye maji ya kujaa.

Mama, kwenye bahasha atakayokuja nayo shemeji mwezi ujao kuna dawa ya kuchua goti, soksi, na mbegu za vile vitunguu. Jaribu tuta moja karibu na kisima. Mnisalimie Mjomba Athumani, Bi Mwanaidi na wanawe, na jirani zetu wote. Rehema anaandika barua yake mwenyewe kwa babu. Amechora mashua mbili na anataka kujua kafi lako lina urefu gani, ajibiwe kwa sentimita.

Wasalaam,
Mwanenu awapendaye,
Mama Rehema