Kwanza mgonjwa, bahasha baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini nizungumze na Wakristo wenzangu wa Unguja na Pemba. Mimi ni mama wa miaka 66, nakaa Kiembesamaki. Kanisa ninalosali silitaji, maana sitaki kumuumbua mtu, na kanisa lenyewe nalipenda.

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya Ramadhani, mume wangu alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala. Ni mtu wa mwili, kumgeuza kitandani peke yangu sikuweza. Waliokuja ni jirani zangu Waislamu. Baba wa nyumba ya pili akitoka msikitini alfajiri hupitia kwangu, tunamgeuza, ndipo anakwenda kazini. Mwezi ulipoandama, mkewe akawa analeta uji wa pilipili manga kila magharibi, bakuli limefunikwa kawa, na yeye kafungua kwa tende moja tu. Anakaa ukingoni mwa kitanda, anaupoza kijikoni, anamnywesha kidogo kidogo kwa ule upande wa mdomo uliokuwa mzima.

Kutoka kanisani alikuja mtu mmoja, wiki ya saba. Alisimama mlangoni na daftari. Tulikuwa hatujamaliza ahadi yetu ya marumaru.

Sina ugomvi na marumaru, nyumba ya Mungu ipendeze. Lakini tumesahau tulivyoanza hapa Zanzibar. Mama yake bibi yangu alishushwa na manowari ya Waingereza akiwa mtoto, hana ndugu, jina la kijiji chao halijui. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walimpokea Mbweni, hapa Unguja, pamoja na wengine waliotolewa utumwani. Bibi akitwambia mama yake hakuwa na hadithi za jengo. Hadithi yake ilikuwa mwanamke aliyekuwa akimwosha kidonda cha mguu kila asubuhi mpaka kikafunga. Na Mkunazini, kule Mji Mkongwe, je? Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa pale pale. Krismasi ya 1877 watu walisali humo na ujenzi haujakwisha.

Someni Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wajane walipokuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, mitume hawakuliona jambo dogo. Walichaguliwa watu saba, Stefano akiwamo, na majina yao yameandikwa mpaka leo. Hilo lilikuwa kanisa lisilo na jengo lake hata moja.

Kwetu matangazo ya Jumapili ni michango juu ya michango. Mgonjwa akitajwa, anatajwa aombewe. Tukishasema Amina, basi. Nawaomba mapadri, wachungaji na wazee wa kanisa: wagonjwa wasomwe kwanza, na kabla hatujatoka ijulikane nani anakwenda kwa nani, siku gani. Bahasha zifuate.

Mume wangu sasa anatembea kwa bakora. Ila mtaani kwetu yupo mama mwenzetu, mjane, hajainuka kitandani tangu kabla ya Pasaka. Jumatano hii nakwenda kumfulia na kumkogesha. Anayetaka tufuatane, saa tisa alasiri nitakuwa kituo cha daladala.

Mama wa Kiembesamaki,
Unguja