Viza Yako ya Dubai Ni ya Kweli, Lakini Je, Ni ya Kazi?

Mara kwa mara mteja huingia dukani kwetu hapa Mombasa akiwa na viza ya Dubai kwenye simu, akitaka tumkatie tiketi ya ndege, na tunapomuuliza anakwenda kufanya kazi gani hutuonyesha karatasi iliyoandikwa wazi kwamba yeye ni mtalii. Aliyemuuzia hakughushi kitu. Nambari ikiingizwa katika mfumo wa uhamiaji wa Falme za Kiarabu inatokea, jina ni lake na pasipoti ni yake, na hapo ndipo anapoyaamini pia maneno mengine yote aliyoambiwa. Mfumo ule unathibitisha kwamba viza ipo. Kama kuna kazi inayomngojea, hausemi.

Kibali cha kazi hupitia njia nyingine kabisa. Mwajiri ndiye anayekiomba, kwa kawaida katika wizara ya kazi ya huko inayojulikana kwa kifupi kama MoHRE, ingawa kampuni zilizo katika maeneo huru ya biashara hupitia mamlaka za maeneo hayo. Mfanyakazi hupewa kwanza barua ya ofa inayotaja cheo na mshahara, huitia saini, kisha hutolewa ruhusa ya kuingia nchini kwa ajili ya ajira. Vipimo vya afya na kitambulisho hufuata baada ya kuwasili. Sheria ya kazi ya mwaka 2021 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Kwa hiyo mtu anayedai pesa za "kibali" kwa niaba ya kampuni ya Dubai ana maswali mengi ya kujibu.

Kauli inayowaponza wengi ni ile ya "utabadilisha ukifika", kwa sababu si uongo mtupu. Ni kweli kwamba aliye ndani ya nchi anaweza kubadilishiwa hadhi bila kutoka, lakini ni lazima kwanza apatikane mwajiri wa kumwombea kibali, naye haruhusiwi kuanza kazi kabla kibali hicho hakijatoka. Asipompata, siku za viza zinakwisha na faini ya dirham 50 kwa kila siku inaanza kuhesabiwa. Mwajiri anayemtumia mtu asiye na kibali naye hutozwa faini kuanzia dirham 100,000 tangu sheria ilipokazwa mwaka 2024, na ndiyo maana kampuni yenye kujiheshimu haimwambii mtu aje na viza ya matembezi ili aanze kazi kesho yake.

Kuhusu wakala wa hapa Kenya, litafute jina lake wewe mwenyewe katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, wala usitosheke na cheti kilichotundikwa ukutani, ambacho huenda muda wake ulikwisha mwaka juzi. (Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, hata ukitoka kwa binamu yako, si orodha ya serikali.)

Kabla hujalipa chochote, tuletee viza, barua ya ofa na jina la wakala, tukusomee kila kimoja na kukuonyesha mahali panapotajwa aina ya viza. Hatutozi kazi hiyo, hata ukiamua kukata tiketi kwingine.