Binamu, Toronto si Texas yenye theluji

Binamu,

Kwa kuwa unahama Texas kwenda Toronto, nakuomba jambo moja: siasa za Kanada usizipime kwa kipimo cha Marekani. Wenyeji wa pande zote mbili hukosea hapo kila siku.

Rangi kwanza. Nyekundu uliyoizoea ni ya chama cha Republican. Huko Kanada nyekundu ni ya chama cha Liberal, na bluu ni ya Conservative. Usishangilie ramani kabla hujakumbuka uko wapi.

Ukipata uraia, usitafute jina la waziri mkuu kwenye karatasi ya kura. Aprili 2025 jina la Mark Carney lilikuwa kwenye karatasi za Nepean tu, jimbo moja la uchaguzi kati ya 343. Unamchagua mbunge wako. Kiongozi anayeungwa mkono na bunge ndiye huunda serikali. Kampeni kisheria hazipungui siku 36 wala hazizidi 50, kwa hiyo wewe uliyezoea kelele za mwaka mzima na zaidi utadhani bado hazijaanza.

Matibabu ndiyo yanayopotoshwa zaidi. Wamarekani wengi hudhani daktari wa Kanada ni mtumishi wa serikali na kila kitu ni bure. Madaktari wengi wana kliniki zao, wanaudai mkoa malipo. Wewe unaonyesha kadi yako ya OHIP, bima ya afya ya mkoa wa Ontario ulimo Toronto, na hulipi. Ila dawa unazonunua mwenyewe, meno na miwani, kwa mtu mzima wa umri wako, kwa kawaida hazimo. Ukipewa kazi, uliza bima yao inalipia nini kabla ya kusaini. Tafuta pia daktari wa familia mapema, maana kwa kawaida bingwa hakuoni bila rufaa, na foleni ni ndefu kweli. Wakanada nao huongea kana kwamba Medicare ya wazee na Medicaid ya wenye kipato kidogo hazipo Marekani.

Ukibishana na polisi, usitaje Marekebisho ya Kwanza ya katiba ya Marekani, yale ya uhuru wa kusema. Wakati wa maandamano ya malori Ottawa, 2022, yalitajwa hadi mahakamani, na hakimu akauliza ni kitu gani hicho. Kanada ina Mkataba wa Haki na Uhuru wa 1982, na kifungu chake cha 1 kinaruhusu haki kuwekewa mipaka inayofaa.

Utani wa kuiita Kanada "jimbo la 51" la Marekani uache Texas. Machi 2025, ushuru wa Trump ulipoanza, maduka ya pombe ya serikali ya Ontario yaliondoa chupa za Marekani rafuni. Wakanada wakijisifu kwamba waliichoma White House 1814, waliochoma ni askari wa Uingereza. Ila Wamarekani walitangulia, 1813, kuchoma majengo ya bunge ya York, ambayo leo ni Toronto, mji huo huo unaohamia.