Shelfu la watoto wa chatu, Jumamosi

Ndugu zangu, Jumamosi saa tatu asubuhi tukutane kwa fundi seremala, Ng'ambo. Mbao za mninga zipo, msinunue nyingine. Njooni na makontena ya plastiki ya saizi moja, mifuniko acheni nyumbani: kontena linaingia kwenye shelfu kama droo, na ubao ulio juu yake ndio mfuniko. Hapo ndipo kazi ilipo. Upenyo kati ya ukingo wa kontena na ubao usizidi milimita 3, maana nyoka kichwa kikipita, na yeye kapita. Matundu ya hewa toboeni kwa msumari wa moto, halafu pigeni msasa, wasichubuke pua. Waya wa joto unapita nyuma tu, mbele pabaki na ubaridi, na hauwashwi bila kidhibiti joto. Vanishi ndani sitaki kuiona. Mzee wa vibali vya kufuga chatu, njoo na nakala zake.