Kwa washarika wenzangu, kabla hatujamuaga mchungaji wetu

Wapendwa katika Bwana, wazee wenzangu, wanakwaya, akina mama na vijana wetu,

Bwana Yesu asifiwe. Tangu barua ya uhamisho wa mchungaji isomwe kwenye matangazo, nimesikia mazungumzo mengi pale nje chini ya mwembe, na karibu yote yanahusu sare ya kitenge, idadi ya sahani na nani atakayesoma risala. Sina ugomvi na pilau. Lakini nimeona watumishi saba wakija na kuondoka katika usharika huu, nami nawaandikia mapema, kabla kamati haijafunga bajeti, kwa sababu kuagana ni sehemu ya utumishi wenyewe na tumewahi kuiharibu.

Someni tena Matendo ya Mitume sura ya 20, kuanzia mstari wa 17. Paulo alikuwa na haraka ya kufika Yerusalemu kabla ya Pentekoste, hata akaipita Efeso bila kushuka. Lakini alipofika Mileto alituma watu wakawaite wazee wa kanisa la Efeso, walio mbali kwa zaidi ya kilomita 50. Wafikirieni wazee hao, wengine huenda wa umri wangu, wakiacha shughuli zao na kushika njia ndefu kwa ajili ya kuagana tu. Aliwakumbusha kwamba kwa miaka 3 aliwaonya kwa machozi usiku na mchana, na kwamba hakutamani fedha, dhahabu wala mavazi ya mtu. Kisha akapiga magoti akaomba pamoja nao, nao wakalia sana, wakamwangukia shingoni na kumbusu, na lililowauma kuliko yote ni lile neno kwamba hawatauona uso wake tena. Luka hakuona haya kuyaandika machozi hayo, wala hakusema imani yao ilikuwa haba. Basi mzee wa kanisa akilia siku hiyo, vijana, msimcheke, na ninyi wanaume mliofundishwa kumeza kilio mjue mnasoma habari za wanaume waliolia mbele za watu.

Kuhusu risala, naomba iwe fupi na iwe na vitu ndani yake. "Umetufanyia mengi" ni maneno ya kumuaga mtu yeyote. Paulo alipowasalimu Warumi katika sura ya 16 alitaja watu na matendo yao: Prisila na Akila waliohatarisha maisha yao kwa ajili yake, na mama yake Rufo, ambaye anasema alikuwa mama kwake pia. Nasi tuseme kwamba mwaka ule wa mvua kubwa mchungaji alivua viatu akavuka korongo usiku kwenda kumwombea mgonjwa, na kwamba mama mchungaji aliwafundisha mabinti wetu kushona, akitumia cherehani yake mwenyewe. Maneno ya namna hii tumezoea kuyatunza hadi siku ya jeneza, ambapo mhusika hayasikii.

Sasa niseme la kwangu, ambalo sijalisema hadharani. Zamani, nilipokuwa mhazini, tulikuwa na mwinjilisti tuliyekosana naye juu ya fedha za mabati. Alipohamishwa hatukumwandalia kitu. Asubuhi aliyoondoka nilisimama nyuma ya dirisha nikaliona lori likipita polepole, godoro limefungwa kwa kamba ya katani, yeye amekaa juu ya mizigo na kuku wawili kwenye tenga, akitazama upande wa nyumba yangu. Sikutoka. Miezi kadhaa baadaye hesabu zilikaguliwa upya, na kosa lilikuwa langu, katika daftari langu. Alikuwa ameshafariki. Kwa hiyo yeyote mwenye neno na mchungaji huyu amwendee wiki hii, nyumbani kwake, bila mashahidi.

Jambo la mwisho ni dogo, ingawa limevuruga sharika nyingi. Wazee wa Efeso walimsindikiza Paulo mpaka merikebuni, na hapo wakamwachia safari yake. Tukishamsindikiza mchungaji, tusimpigie simu kila juma kumweleza makosa ya anayekuja. Mgeni naye ana haki ya kupendwa tangu siku ya kwanza. Salamu, ndiyo. Habari za msiba na za mtoto aliyezaliwa, ndiyo.

Lori litafika Jumanne saa kumi na mbili asubuhi. Kabati la mninga ni zito na linahitaji watu wanne. Mimi sitaweza kubeba, ila nitakuwa pale mlangoni tangu saa kumi na moja.

Ni mimi mzee wenu.